Maji ya Chupa Namba 31

Auckland, 14 Aprili 1991

Kaka yangu Kalafi,

Salamu nyingi kutoka huku ambako baridi imeanza kubisha hodi. Mimi ni mzima. Mume wangu Saia bado anafanya kazi ya zamu kiwandani, na mgongo wake unalalamika kuliko yeye mwenyewe. Binti yetu Ilaisaane anajifunza kuendesha gari, nami ninayekaa kando yake najifunza kusali upya. Mpe wifi Lavinia shukrani zangu kwa mkeka, umefika salama na umenukia nyumba nzima. Nasikia shangazi Seini ameanza kutembea bila fimbo. Mwambie asijivune.

Sasa nina jambo. Unawakumbuka wale madaktari wageni waliokuja huko Februari, wakakaa siku tatu, wakawapima watu wenye ini bovu na kuwatoa maji tumboni? Chupa zile zililetwa hapa maabara kwetu. Kazi yangu ni kupima mna protini kiasi gani ndani yake, na kingamwili kiasi gani. Kwa kawaida naona namba tu. Lakini kwa kuwa ni mimi peke yangu hapa ninayejua lugha yetu, nimepewa pia kazi ya kuwaandikia wagonjwa majibu yao, na hapo majina hunifikia. Sitakiwi kuyasema. Moja nakwambia, Mungu anisamehe: chupa namba 31 ni ya shemeji yako Manase.

Angekuwa ndugu yangu mwenyewe nisingethubutu kukuandikia habari za tumbo lake, wajua. Lakini Manase ni kaka wa Lavinia, si wangu, kwa hiyo naandika bila haya.

Ini likinyauka na kuwa gumu, maji hujaa tumboni. Kuna watu maji yao ni mazito, yana protini nyingi, na katika protini hizo zimo kingamwili, ndizo walinzi wa mwili. Kuna wengine maji yao ni mepesi kama yaliyooshewa mchele. Bakteria wakiingia humo hawana wa kuwazuia. Chini ya gramu kumi za protini kwa lita tunahesabu kuwa hatari. Ya Manase ilikuwa saba. Kingamwili tunazipima kwenye sahani ya jeli: unaweka tone, unasubiri siku mbili, duara jeupe linajitokeza. Duara likiwa kubwa, kingamwili ni nyingi. La chupa hii lilikuwa dogo hata nikarudia kipimo mara tatu, nikidhani mkosaji ni mimi.

Vidonge vya kuzuia maambukizi vimetumwa pamoja na barua yake. Anywe kimoja kila siku. Chumvi asile, pombe asiguse. Akipata homa, au tumbo likimuuma, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kupambazuke. Tafadhali mwangalie. Wewe anakuogopa.

Dada yako,
Luseane


Vava'u, Tonga, 12 Mei 1991

Dada yangu mheshimiwa Luseane,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetujalia kuiona siku ya leo. Barua yako ilikaa posta ya Nuku'alofa wiki mbili, sijui ilikuwa inatembelea jamaa. Jumapili ya Watoto ilifana. Mjukuu wa shangazi Seini aliusahau mstari wake, akasimama mbele ya kanisa zima akitafuna ukosi wa shati, na shangazi akampigia makofi kuliko waliokumbuka. Viazi vikuu vya mwaka huu ni vinono. Vanila tumeanza kuchuma. Siku hizi navaa kiunoni mkeka mpana, ule wa heshima wa kanisani, hata nikiwa shambani, na majirani wamepata la kusema: ati Kalafi amechoka kuwa mhubiri, sasa anautaka uaskofu.

Habari za Manase. Nesi alimletea barua na vidonge mbele ya wanaume tuliokaa kunywa kava, maji ya mizizi tu, si pombe. Akasoma, akasoma tena. Kisha akasema, "Jamani, kumbe naumwa!"

Fatai, mmoja wa wanywaji wenzetu, akamdaka palepale. "Unaumwa nini wewe? Tumbo lenyewe liko wapi? Si hilo limegandana na mgongo!"

"Imeandikwa hapa. Ini."

"Ini? Basi hiyo barua imechelewa miaka ishirini."

Tulicheka mpaka kava ikapoa, kana kwamba huwa ya moto. Lakini Manase, kwa jinsi alivyozinywa pombe za kupika tangu ujana, alipoliona neno ini hakuuliza la pili. Anasema hakumbuki sindano ya tumbo, anakumbuka ya mkono tu, ila siku ile alikuwa amelewa, kwa hiyo anawaamini wataalamu kuliko anavyojiamini. Tangu hapo hajagusa tone. Nyama ya kopo ameikataa karamuni, mbele ya mchungaji, akala magimbi makavu machozi yakimlengalenga. Mke wake anakuombea kila asubuhi.

Ana maswali. Anauliza, duara likiwa dogo, laweza kukua? Na mtu mwenye maji ya namna hiyo ana muda gani? Mjibu wazi, si mtu wa kubembelezwa.

Jambo la mwisho, ukipata nafasi tutumie suruali mbili za kiuno cha inchi arobaini na nne. Ni za mtu wa hapa kanisani.

Nduguyo mtiifu,
Kalafi


Auckland, 9 Juni 1991

Kaka Kalafi,

Wote wazima. Ilaisaane amegonga ukuta wa jirani, ukuta mzima, gari ndilo la kuhurumiwa. Saia amepewa likizo ya wiki moja na ameimaliza akiwa amelala sakafuni, daktari kasema ndiyo dawa ya mgongo. Suruali nimezituma na meli.

Nimecheka sana na kisa cha Manase, Saia akaja kuuliza kuna nini. Baadaye nikaacha kucheka.

Nimjibu kwanza. Duara laweza kukua kidogo, maji yakipunguzwa kwa dawa na chumvi ikiachwa kabisa. Kuhusu muda, mimi ni mtu wa maabara, sisemi miaka ya mtu. Nitasema hili tu: katika watu wenye maji mepesi namna ile, wasiotumia vidonge, wengi huambukizwa kabla mwaka haujaisha, na wanaochelewa kutibiwa hawarudi nyumbani.

Sasa mimi nina swali. Sindano ile ni ndefu kama kidole cha kati na inaingia tumboni. Hakuna mlevi wa kuisahau. Na mtu ambaye tumbo lake limegandana na mgongo maji ya kutolewa anayatoa wapi? Nimempigia simu daktari wa mjini kwenu. Amejibu kwamba fomu zilijazwa na wale wageni, hawamjui mtu, waliandika jina walilotajiwa. Manase siku ile alitolewa damu tu. Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyelala pale kitandani, akatolewa maji, akaulizwa jina, akataja la Manase. Vidonge vinamezwa na mzima, na mgonjwa anatembea mikono mitupu.

Siwezi kuelewa kwa nini mtu mzima amfiche daktari jina lake. Wewe uko hapo, unamjua kila mtu. Mtafute, Kalafi. Kila wiki inayopita ni ya bahati tu.

Wewe mwenyewe u mzima? Hukusema.

Luseane


Vava'u, 18 Julai 1991

Dada yangu mheshimiwa,

Niwie radhi kwa kukawia. Kulikuwa na vanila za kukausha, kisha mafua. Lavinia hajambo, anakusalimu, amenisimamia hapa anataka niandike zaidi ya ninavyotaka. Suruali zimefika, zimemtosha mwenyewe. Jumapili nilihubiri nimeketi kwenye kiti, watu wakasema ni mtindo mpya wa ng'ambo na umewapendeza kwa sababu mahubiri yalikuwa mafupi.

Yule mtu uliyemuulizia nimekwisha kumpata. Jina lake sitaliandika. Anaomba kuuliza kama vile vidonge vyaweza kugawanywa, nusu ale Manase, nusu ale yeye, pasiwe na haja ya fomu nyingine.

Na kuna jambo linalomtesa kuliko maji yenyewe. Hajaionja pombe maishani mwake. Ni mtu wa madhabahu. Ini lake likijulikana kuwa bovu, watu watasema alikuwa anakunywa mafichoni miaka yote hiyo huku akiwakemea wengine, na Manase atakuwa wa kwanza kusema, na atakuwa na haki. Je, maabara ina jibu kwa hilo?

Mimi mzima.

Kalafi


Auckland, 4 Agosti 1991

Kalafi,

Leo sianzi na habari za nyumbani.

Vidonge havigawanywi. Nusu haimlindi yeyote, inawafundisha bakteria kuvizoea tu. Na Manase aambiwe aache, hana ugonjwa.

Mtu huyo mwambie hivi. Si pombe. Kuna virusi vya ini ambavyo mama humpa mtoto siku ya kumzaa, bila mama mwenyewe kujua. Vinakaa kimya miaka thelathini, arobaini, huku mtu analima, anaoa, anahubiri. Visiwani kwetu vimejaa. Sahani zangu zimejaa watu wasiojua hata pombe inanukaje. Unakumbuka mama alivyokufa, tumbo limemjaa kama mjamzito, na wanawake wakanong'ona kwamba amefanyiwa jambo. Hakufanyiwa lolote. Alikuwa navyo.

Baada ya barua yako ya mwisho nilijitoa damu, wenzangu walipokwenda kula, nikaipima mwenyewe. Ninavyo na mimi. Ini langu bado zima, vimelala tu, lakini vimo. Sijamwambia Saia. Wewe ndiye wa kwanza. Nimekuandikia yaliyomo ndani ya mwili wangu, mimi dada yako, jambo ambalo mimi na wewe hatukulelewa kulifanya. Ukiona aibu, jua kwamba na mimi nimeiona, nimeikunja karatasi hii mara mbili nikitaka kuichana, na bado naituma.

Sikuulizi chupa ile ilikuwa ya nani. Tangu ulipotahiriwa hujaketi chumba kimoja na mimi. Nikiingia ulitoka, nikiwapo hukucheka utani wa wanaume, ulijengewa kibanda cha kulala kule nyuma ili mimi nibaki na nyumba. Niliipokea heshima hiyo kama haki yangu, sikujiuliza imekugharimu nini. Lakini heshima hiyo ina upande wake wa pili, nawe unaujua: neno la dada halikataliwi. Sijawahi kulitumia kwako, hata mara moja, na nimeshakuwa na sababu nyingi.

Leo nalitumia. Siku utakayoipata barua hii nenda hospitali. Taja jina lako lote. Vua mkeka, vua shati, waonyeshe. Usimtume Lavinia akaulize. Usingoje vanila zikauke. Nimeamuru.

Luseane


Auckland, 25 Agosti 1991

Kalafi,

Wiki tatu, hakuna jibu. Nilipiga simu posta ya kwenu. Nilisikia foleni nzima imenyamaza ili isikilize, kwa hiyo niliuliza bei ya stempu. Karani mwenyewe akaongeza kwamba Lavinia hajaonekana mjini siku nyingi.

Wiki hii nimepima chupa sitini kutoka visiwa vingine. Namba zote nimeziandika sawasawa, mkuu wangu amezikagua. Mimi sikumbuki hata moja. Nina hofu, kaka. Niandikie hata mstari.

Luseane


Hospitalini, Neiafu, Vava'u, 1 Septemba 1991

Dada yangu Luseane,

Lavinia ameniambia mmeongea kwa simu juzi na kwamba unakuja Jumanne. Barua hii anaibeba mwalimu wa kwaya anayesafiri kesho, akufikie kabla hujapanda ndege, maana haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema nikiwa nakutazama. Shangazi Seini hajambo. Ameuza nguruwe mmoja bila kumwambia mtu na hataki kusema kwa nini.

Homa ilinipata Alhamisi, tarehe ishirini na mbili. Nikasema ni mafua yaleyale. Ijumaa tumbo likawa linauma hata shuka likiligusa. Lavinia akataka twende, nikamkatalia, nikamwambia nitampigia dada yangu simu Jumatatu, nikijua sitapiga. Jumamosi asubuhi barua yako ikafika. Herufi zilikuwa zinanichezea machoni, ikabidi yeye anisomee. Alisoma habari za mama, akasoma habari zako. Alipofika penye amri hakumaliza. Aliiweka chini, akatoka mbio kumwita Manase na gari la vanila. Nami sikubisha. Ningebishana na Lavinia mpaka nife, naye analijua hilo. Na wewe sikuwa na la kubishana.

Daktari aliyatoa maji, akayatazama kwenye mwanga, yalikuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Akasema yamekwisha kuingiliwa. Akaniuliza nimekaa na homa siku ngapi, nikasema mbili, akasema ya tatu isingekuwa yake, ingekuwa ya mchungaji. Nimetundikiwa dawa siku tano. Homa imeondoka.

Manase alikuwa mlangoni pale nilipotaja jina langu na nesi akatafuta kwenye daftari la Februari asilione. Hapo ikabidi niseme mbele yake jina nililotumia.

"Shemeji," akasema, "miezi mitatu nakula magimbi bila chumvi. Miezi mitatu! Kumbe nalifungia tumbo lako?"

"Nisamehe, Manase."

"Nyama ya kopo niliikataa mbele ya mchungaji!"

"Nilikuona."

"Uliniona ukanyamaza. Na ulikula ya kwangu, nakumbuka, ulinyoosha mkono ukaichukua." Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulia, mtu mzima yule, na vidonge vyake vilivyobaki akavitoa mfukoni akanipa vyote. Pombe anasema hairudii, kwa kuwa ameshazoea kuamka bila kichwa kuuma, lakini hilo tutaliona Krismasi.

Sasa nikueleze kwa nini nilifanya vile, maana uliuliza. Daktari mgeni alikuwa mtu mwema. Alipokuwa ananichoma, ili nisiogope, akaniambia chupa yangu itapimwa Auckland na mwanamke wa kwetu mwenye mikono hodari kuliko wote maabara. Alisema kwa fahari, kana kwamba ndiye aliyekuzaa. Nikajua ni wewe. Nikafikiri, maji ya tumbo langu yatakuwa mkononi mwa dada yangu, na jina langu juu yake. Afadhali nizikwe. Aliponiuliza jina, likanitoka la mtu ambaye tumbo lake unaweza kulitazama bila haya. Aibu ya kusemwa mlevi ilikuja baadaye, nikiwa natafuta sababu ya kuendelea kunyamaza. Sikuwaza hata kidogo kwamba barua ya majibu ingemfuata mwenye jina. Mhubiri mzima, sikuwaza.

Daktari ameniambia mengine, na sitakuficha tena. Ini haliponi. Maji yatarudi. Vidonge vitanipa muda, hakusema kiasi gani, naye nikamwambia kwamba dada yangu vilevile hasemi miaka ya mtu. Alicheka. Mimi sikucheka. Naogopa, Luseane. Nimewashika mkono watu wengi wanaokufa nikawaambia wasiogope, na sikujua nilichokuwa nakisema.

Mwambie Saia habari za damu yako. Usifanye kama nilivyofanya mimi. Na Ilaisaane apimwe.

Wauguzi wamekwisha kuambiwa kwamba dada wa mgonjwa anakuja. Yule mkubwa wao ni mtu wa hapahapa, anaijua desturi, kwa hiyo alikuja kwa adabu kuniuliza ni wapi kwenye ukumbi wa nje akuwekee kiti, mahali ambapo tutasikizana bila kuonana. Nimemwambia akilete humu ndani, akiweke kando ya kitanda changu.

Kaka yako,
Kalafi